Cheche kutokana na matone ya maji: shajara ya mradi wa umeme tuli, Umoja

Lengo ni moja: kupata cheche inayoonekana kwa macho kutokana na maji yanayodondoka, bila betri na bila stima ya ukutani. Mtambo wenyewe si uvumbuzi wangu. William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, aliueleza mwaka 1867. Sisi tuna makopo, paa la ghorofa hapa Umoja, Nairobi, na mpwa wangu wa sekondari ambaye sura ya umeme tuli ilikuwa inamsumbua. Naandika kila hatua inapokamilika ili anayetaka kuunda wake ajue pesa ziendako na chaji ipoteleako. Bei ni za siku na mahali niliponunua.

Februari 8: elektroskopu kwanza

Kabla ya kuunda kitu cha kuzalisha chaji, unda cha kuionyesha, yaani elektroskopu, la sivyo utabaki kukisia. Yetu ni chupa ya jemu yenye kizibo cha koki, waya wa shaba uliopita katikati ya kizibo, goroli ya beringi iliyokaa kwenye kitanzi cha waya huo juu, na vipande viwili vya foili vinavyoning'inia chini. Foili ya jikoni KSh 150, waya KSh 60. Goroli tulipewa bure na fundi wa Kirinyaga Road aliyekuwa anatupa beringi iliyokufa.

Majani ya foili yaliyogundishwa kwa gundi hayakusogea hata kidogo. Foili ya jikoni ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tuliukunja waya ncha ya chini ukawa kulabu, tukatoboa kila jani tundu dogo kwa sindano, tukayatundika yacheze huru. Yalianza kufanya kazi papo hapo.

Angalia jambo hili mapema, maana ndilo litakaloendesha mtambo wote baadaye: majani hufunguka kabla bomba la plastiki lenye chaji ya kusuguliwa halijagusa goroli. Bomba hasi huzisukuma elektroni za goroli zishuke kwenye majani, majani yote mawili yakawa hasi, yakakimbiana. Ukiliondoa bomba yanafunga, kwa sababu hakuna kilichoingia wala kutoka. Lakini ukigusa goroli kwa kidole bomba likiwa karibu, elektroni hukimbilia mwilini mwako. Toa kidole kwanza, kisha bomba, na elektroskopu inabaki na chaji chanya. Ukianza kutoa bomba, elektroni zinarudi na huna kitu. Mpwa wangu aliligeuza hilo kuwa wimbo: kidole, bomba; kidole, bomba.

Februari 22: bomba, sweta na maputo

Bomba la PVC la kupitishia nyaya, nusu inchi, KSh 90 kwenye hadiwea. Sweta la sufu la soko la mitumba la Gikomba, KSh 100. Soma lebo ukiwa bado mbele ya mwuzaji, kwa sababu mengi yanayoitwa sufu ni akriliki.

Hata la sufu lenyewe lilitugomea mwanzoni. Unasugua bomba mpaka mkono unachoka, na karatasi hazinyanyuki. Harufu ndiyo iliyotuonyesha tatizo, maana sweta lilinukia maua. Mtu alikuwa amelifua kwa kilainishi cha nguo, na kilainishi huacha kwenye nyuzi utando unaoshika unyevu na kuiruhusu chaji itoroke. Kazi yake ni kuzuia nguo zisinatane, kwa hiyo ilikuwa inatimiza wajibu wake vizuri tu. Tulilifua kwa sabuni ya kipande, tukalisuuza hadi harufu ikaisha, likashinda juani kwenye kamba za paa. Baada ya hapo majani ya elektroskopu yalifunguka bomba likiwa bado upande wa pili wa meza.

Sufu hupoteza elektroni, PVC huzipokea. Bomba likawa hasi na sweta likawa chanya, kwa kiasi kilekile. Hapakuzaliwa chaji yoyote, imehama tu.

"Sasa mjomba, zimehama ngapi?" Swali zuri, na unaweza kulijibu kwa uzi na rula. Tulitundika maputo mawili kwenye msumari mmoja, tukayasugua kwa sweta sawasawa. Yalisukumana hadi kila uzi ukainama kama digrii 10 kutoka wima, vitovu vya maputo vikiwa sentimita 30 mbalimbali. Puto moja lina gramu 3. Kwa mwinamo huo kani ya kusukumana ni kama nyutoni 0.005. Ukiiweka kwenye kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785 (zidisha chaji mbili, gawanya kwa mraba wa umbali, zidisha kwa bilioni 9), kila puto linapata kama kulomu 0.00000023. Ni kidogo mno, mpaka ukumbuke kwamba elektroni moja hubeba kulomu 1.6 × 10⁻¹⁹. Hizo ni elektroni za ziada kama trilioni 1.4 kwenye puto la shilingi chache.

Machi 29: mvua imefika, kila kitu kimekufa

Februari ilitudanganya. Hewa ya Nairobi mwezi huo ni kavu, hasa alasiri, na hata kihami (kitu kisichopitisha chaji) kibovu kinaonekana hodari. Sasa mvua ya masika imeanza, na majani ya elektroskopu yanafunga ukihesabu hadi tano. Nilinunua mita ya unyevu Luthuli Avenue, KSh 650, ghali kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu. Asubuhi ilisoma asilimia 84.

Wengi husema hewa yenye unyevu hupitisha chaji. Si hewa hasa. Unyevu hutanda juu ya vitu kama utando mwembamba wa maji, na kwa uchafu na mafuta ya vidole utando huo unakuwa njia. Kwa hiyo anayevuja si hewa, ni kile kinachoshikilia kipitishi chako. Kuongeza kusugua hakusaidii. Ni kujaza debe lililotoboka.

Njia ya kumkamata mwizi: chaji elektroskopu, kisha shika kitu unachokishuku mkononi na uguse nacho goroli. Majani yakianguka mara moja, hicho si kihami kwa hali ya hewa ya siku hiyo. Tulifanya hivyo na kila kitu nyumbani. Kijiko cha mbao kiliangusha majani papo hapo, na koki vilevile, ile ile tuliyoitegemea. Kioo kilikuwa karibu sawa na mbao, jambo ambalo sikulitarajia kwa jinsi vitabu vinavyokisifu. Bomba la PVC liliyaangusha polepole. Lilipofutwa kwa spiriti na kukaushwa, likashikilia. Mshumaa ndio haukuyashtua kabisa.

Aprili 12: nta, na fumbo la meko

Mishumaa minne, KSh 80. Tuliiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto (usiiweke nta motoni moja kwa moja, inashika moto), tukamimina kizibo kipya cha nta kuzunguka waya. Siku ileile, mita ikisoma 79, majani yalikaa wazi tukanywa chai yote yakiwa bado hivyo. Kati ya marekebisho yote ya mradi huu, hili la shilingi themanini ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Kisha likaja fumbo. Ili kukausha chupa zaidi, niliiweka karibu na meko ukiwa unawaka. Majani yakaanguka, nikayachaji tena, yakaanguka tena haraka kuliko siku ya mvua. Nilidhani nta inayeyuka, lakini ilikuwa ngumu kama jiwe. Kumbe moto wenyewe hutengeneza ioni, yaani chembe za hewa zilizopoteza au kupata elektroni, na hizo huvutwa na chaji na kuifuta. Dawa yake ni kukausha kwanza, kuzima moto, ndipo uchaji.

Jambo hilo lilitupa kifaa cha bure. Plastiki iliyoshika chaji usiyoitaka haifutiki kwa kuigusa, kwa sababu chaji imekwama pale ilipo. Ipitishe juu ya mwali wa mshumaa kwa haraka na inakuwa safi. Tunafanya hivyo kabla ya kila jaribio.

Mei 3: sahani ya Volta

Hatua hii ilikwenda kirahisi. Alessandro Volta alikitangaza kifaa hiki mwaka 1775. Kipande cha dari ya PVC, masalio ya fundi aliyekuwa anaezeka dari ghorofa ya chini, kinasuguliwa kwa sufu. Juu yake unaweka mfuniko wa sufuria ya alumini wenye mpini wa bomba la PVC, unaugusa mfuniko kwa kidole, unauinua. Ukiukaribia tena kwa kidole, unapata cheche. Unaweza kurudia bila kusugua tena, maana chaji ya dari haitumiki. Nguvu inatoka kwenye mkono wako unaoutenganisha mfuniko chanya na dari hasi vinavyovutana.

Testa ya fundi wa stima, ya taa ya neoni, KSh 70, inaonyesha aina ya chaji gizani: kati ya ncha mbili ndani ya taa, inayowaka ni ile ya upande hasi. Kwa mfuniko wetu iliwaka ya upande wa mkono, basi mfuniko ni chanya. Elektroskopu ilithibitisha hivyo hivyo. Kwa elektroskopu lakini, amini majani yanapofunguka zaidi, usiamini yanapofunga. Hata chuma kisicho na chaji huyafunga kidogo kikisogezwa karibu.

Mei 24: chupa ya Leyden

Hiki ni chombo cha kuhifadhi chaji: kopo la plastiki la siagi ya karanga, foili ndani, foili nje, waya wenye goroli ukipita kwenye mfuniko na kugusa foili ya ndani. Kifaa hiki kilizuka mwaka 1745 na 1746, kwa von Kleist na kwa Musschenbroek wa mji wa Leyden, kila mmoja kivyake.

Tuliijaza kwa sahani ya Volta, na baada ya kuinua mfuniko mara kadhaa ikasikika "tik" bila mtu kugusa kitu. Foili ilikuwa imepanda hadi karibu na mdomo wa kopo, na cheche iliruka ukingo kutoka ndani kwenda nje. Tulizipunguza foili zote mbili zikabaki sentimita 4 za plastiki tupu juu, tukapaka nta sehemu hiyo. Ikashika zaidi, lakini bado kulikuwa na mvujo. Gizani, baada ya macho kuzoea, tuliona nukta ya zambarau kwenye pembe moja ya foili. Chaji hujikusanya penye ncha kali, na hapo hewa huvunjika na kupitisha. Tulizikunja kingo zote kwa ndani, tukazilainisha kwa mgongo wa kijiko. Nukta ikatoweka.

Mita ya kupimia uwezo wa chupa kushika chaji (si ile ya unyevu) ilisoma nanofaradi 0.9. Kwa volti elfu 9 hiyo ni kama milijuli 36, ambayo inauma na kukufanya urushe kiwiko. Usiifanye kubwa zaidi ya hiyo, usiziunganishe nyingi pamoja, na mwenye kifaa cha moyo asikaribie kabisa. Ukishaitoa chaji, acha waya umefunga foili ya ndani na ya nje: sehemu ya chaji huzama katika plastiki na kurudi baada ya muda, na cheche ya pili humpata aliyejiamini.

Juni 14: mtambo wenyewe, jaribio kavu

Mpangilio wa Kelvin ni huu. Mtungi mmoja wa maji juu wenye mikondo miwili. Kila mkondo unapita katikati ya pete ya bati bila kuigusa, unaangukia kopo la bati chini. Pete ya kushoto imeunganishwa kwa waya na kopo la kulia, pete ya kulia na kopo la kushoto. Basi.

Sasa fikiria kopo la kulia lina uhasi kidogo sana, kwa bahati tu. Pete ya kushoto nayo ni hasi, kwa hiyo inavuta chanya kwenye ncha ya mkondo wa kushoto, kama vile bomba lilivyofanya kwa goroli. Tone linakatika likiwa na chanya hiyo na kuangukia kopo la kushoto. Kopo la kushoto likiwa chanya, pete ya kulia inakuwa chanya, matone ya kulia yanabeba hasi, kopo la kulia linazidi kuwa hasi. Kila upande unauchochea mwenzake. Kidole kilichokuwa kinagusa goroli kimechukuliwa na maji ya mtungi. Nguvu yote inatoka kwenye uzito wa matone, yanayoshuka ingawa makopo yanayasukuma.

Pete ni makopo ya maziwa yaliyokatwa juu na chini, kingo zimekunjwa. Waya KSh 120. Kwa mikondo nilinunua seti mbili za dripu kwenye duka la dawa, KSh 100 moja, nikivutiwa na kile kigurudumu cha kurekebisha kasi.

Hakuna kilichotokea. Majani ya elektroskopu hayakusogea. Tone moja moja la dripu ni chaji kidogo mno, na mvujo unaimaliza kabla inayofuata haijafika. Tuliondoa vyumba vya matone, tukabakisha mirija na vigurudumu, tukaweka ncha za kalamu za plastiki zilizotolewa wino. Maji yakatoka kama uzi. Bado hakuna kitu. Safari hii uzi ulipita pete ukiwa mzima na kukatika chini yake. Maji yaliyoungana ni kipitishi, kwa hiyo chaji iliyovutwa inabaki kwenye mkondo bila kuchukuliwa na tone. Tukishusha pete na kubana kigurudumu hadi uzi ukatike katikati ya pete, majani yalianza kutikisika.

Juni 28: vihami vinalowa

Makopo yalikaa kwenye stairofomu ya kufungashia televisheni. Ilifanya kazi dakika ya kwanza, kisha majani yakalala. Matone yakipiga maji ndani ya kopo hurusha manyunyu, na manyunyu yakishaunda njia kwenye stairofomu, kazi imeisha.

Tulitia steelwool ya kusugulia sufuria ndani ya kila kopo ili tone litue bila kuruka. Stairofomu ikapisha vikombe vya plastiki vilivyopinduliwa na kuzamishwa nta, na mdomo wa kopo umetokeza kuliko kikombe ili maji yakimwagika yasifuate ukuta wake. Nyaya mbili zilizokuwa zinapishana katikati zilitenganishwa kwa kiganja kizima, na ncha zake zilizochanuka zikafungwa kwenye vitanzi.

Kuhusu maji: ya mfereji yanatosha, yanapitisha vya kutosha, usitie chumvi. Usijaribu kurudisha maji juu kwa pampu mtambo ukifanya kazi, maana mrija wenye maji utaunganisha makopo na mtungi. Siku za mgao tunayatumia yaleyale, tukisimamisha na kuyamimina kwa mkono.

Julai 12: cheche

Alasiri, mita 58, stima ya mtaa mzima imepotea. Tuliweka kitambaa cheusi nyuma na tochi ya simu pembeni, goroli mbili zikitazamana kwa pengo la milimita 3, moja kwa kila kopo.

Mwanzoni matone yanashuka wima. Baada ya sekunde moja au mbili yanaanza kutawanyika, yanatanuka kutoka mstari hadi mwavuli, na machache madogo kabisa yanageuza njia, yanapanda na kuzunguka pete kana kwamba uzito umesahaulika. Kisha "tik", nuru ya buluu katikati ya goroli, na matone yote yanarudi wima kwa pamoja. Halafu yanaanza kutanuka tena. Kila baada ya sekunde nne hivi.

"Mjomba, na stima si imepotea?"

Volti zake unaweza kuzikadiria kwa pengo. Usawa wa bahari, milimita 3 za hewa huhitaji kama volti 10,600 kuvunjika. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa, na volti kama elfu 9 zinatosha. Makopo yetu yana pikofaradi 25 hivi, kwa hiyo kila cheche ni kama milijuli moja, na mkondo wote wa umeme haufiki moja ya kumi ya maikroampea. Ndiyo maana mvujo mdogo ulikuwa unaumaliza.

Upande upi unakuwa chanya haujulikani mapema. Tukikausha kila kitu na kuanza upya, mara ni kushoto, mara ni kulia. Ukitaka kuchagua, sogeza bomba hasi karibu na pete moja wakati wa kuwasha maji. Pete ya upande wa pili itakuwa chanya, na kadhalika.

Agosti 2: mipaka, na hesabu

Tuliunganisha chupa ya Leyden, foili ya ndani kopo moja, ya nje kopo la pili. Cheche zikachelewa zaidi ya dakika mbili, zikaja nyeupe na za kelele hadi mama wa ghorofa ya chini akauliza kama tunapasua kitu. Siku mita ikipita 70, chupa haijai kabisa.

Pengo la zaidi ya milimita 5 halijatoa cheche. Si mvujo safari hii: kabla ya kufikia volti hizo, matone yanasukumwa kando kiasi kwamba mengi yanapiga pete au kumwagika nje ya kopo. Makopo mapana zaidi yaliyo chini zaidi ya pete ndiyo tutakayojaribu, pamoja na pete zenye kingo zilizoviringwa na fundi wa Kamukunji badala ya koleo langu.

Jumla hadi sasa KSh 1,520. Ukiazima mita ya unyevu na kuacha seti za dripu (koki ndogo za maji zinafaa vilevile), inabaki KSh 670 na bei ya koki.